Fuso Lisilozimwa

Kefa alifika makaburini jeneza likiwa limeshateremshwa, na mkononi ameshika fungu la maua yaliyolowa mvua. Watu walimpisha njia. Msiba wa Mwalimu Esteria ulijaza kijiji. Nusu ya waliokuwepo aliwafundisha kusoma, nusu nyingine aliwafundisha wazazi wao, na karibu wote aliwachapa. Siku kama hiyo nani ana muda wa kumsema mjukuu aliyechelewa?

Lakini alichelewa. Yeye aliyelelewa na marehemu tangu hajaota meno, aliyesoma katika darasa lake na kula viboko kuliko wenzake ili isisemwe kwamba Mwalimu anapendelea, yeye ndiye ambaye hakuuona uso wa bibi yake kabla haujafunikwa. Na yote kwa sababu ya hayo maua.

Kefa huendesha Fuso, lori la kubebea mbao, Njombe na Makambako, Makambako na Njombe, wiki nzima. Nyumba ya Bibi iko kando ya barabara hiyohiyo, ng'ambo ya shamba la viazi. Kila alipopita alipiga honi mara tatu. Bibi alitoka na sweta lake la kijani, kikombe cha chai mkononi, akakinyanyua mpaka dirishani. Kefa alikunywa hukohuko juu, injini ikinguruma.

"Kamwene, Mwalimu!"

"Kamwene, baba. Zima gari ushuke, viazi vimeiva."

"Bibi, gari hili likizimwa kwenye baridi haliwaki. Nitalala hapa."

"Utalala njaa?"

"Siku nyingine, Bibi."

Bibi alipokea kikombe chake, akasimama palepale kwenye ukungu mpaka gari lipotee kwenye kona. Kefa alimwona kwenye kioo cha pembeni, na rohoni alijihesabu kuwa mjukuu mwema. Wangapi mjini hata honi hawapigi? Tunajua sote jinsi mtu anavyoweza kujipongeza kwa kidogo.

Tena Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Kitu kimoja tu alikiomba, na alikiomba kila mwaka mvua zilipoanza: Kefa ampeleke hifadhi ya Kitulo akaone maua. Kefa alijibu, "Mwakani, Bibi." Mwaka ukafika, mzigo ukawa mwingi. Mwaka mwingine barabara ilikuwa na matope. Mwakani ikazaa mwakani, mpaka Jumatano moja ya mwezi Machi, Bibi alipojilaza mchana asiamke tena.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hili lilimuumiza Kefa kila mahali. Alipopata habari hakwenda kukaa na wafiwa. Aliona deni moja tu, nalo alitaka kulilipa kabla udongo haujamwagwa: kama Bibi hakwenda kwenye maua, maua yatakuja kwa Bibi. Mjomba wake Lameki alimpigia simu mara kadhaa, "Kefa, njoo ukae na mama yangu, watu wanakuulizia," na Kefa akajibu, "Nakuja, Mjomba," huku akipita Njombe mjini kuelekea Makete. Alilala Iwawa kwa sababu ya mvua. Asubuhi askari wa hifadhi akamwambia maua ya Kitulo hayachumwi, hata kwa msiba. Akachuma ya kandokando ya barabara, nje ya mpaka, ya manjano na machache ya zambarau, kisha akakimbiza gari kurudi. Alikuta wanaimba wimbo wa mwisho.

Baada ya mazishi aliketi jikoni kwa Bibi, karibu na moto, kwa kuwa nje hakuweza kutazamana na watu. Kwenye kigoda alikuwapo Bibi Esnath, mwalimu mstaafu kutoka Iwawa, aliyeanza kazi pamoja na marehemu wakiwa wasichana.

"Yale maua umeyatoa wapi, mjukuu wangu?"

"Kitulo, Bibi. Alitamani sana kuyaona. Sikumpeleka."

Bibi Esnath akageuka kwenye kigoda.

"Esteria atamani kuyaona? Si tulipangiwa kufundisha Bulongwa sisi! Kila shule ikifungwa tuliuvuka ule uwanda wa Kitulo kwa miguu mpaka Matamba, tutafute gari la kurudi huku kwenu. Mvua yetu, baridi yetu. Aliyakanyaga hayo maua mpaka akayachoka."

"Sasa kwa nini aliniomba?"

"Hata mimi nilimuuliza. Alicheka. Alisema, kwenda na kurudi ni siku nzima, na siku nzima Kefa atakuwa ameketi, hana pa kukimbilia." Akausogeza ukuni motoni. "Mtu mzima hamwambii mtoto, njoo ukae nami. Ni aibu. Anaomba kupelekwa mahali."

Kefa alilia pale jikoni kwa sauti, dereva mzima, na Bibi Esnath akamwacha alie. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii yalimkuta mjukuu mwenyewe. Hata siku ile ya mwisho, Bibi akiwa amelala jenezani sebuleni anamsubiri, yeye alikuwa barabarani.

Jumatatu kazi iliita. Alitoka Makambako mapema, na alipofika penye shamba la viazi mkono ulipiga honi wenyewe, mara tatu. Mlango haukufunguka. Akasogeza Fuso pembeni, akakaa kidogo, kisha akageuza ufunguo. Kukawa kimya. Matone yalidondoka kutoka kwenye bati, na kuku mmoja wa Bibi alikuwa anachakura penye kizingiti.

Alishuka akaketi kwenye ngazi ya mlango. Simu ikaita, bosi akauliza yuko wapi.

"Kwa bibi."

"Si mlishazika?"

"Tulishazika."

Akaketi mpaka baridi ikamwingia mifupani, akisema yale madogo ambayo Bibi angeyapenda: bei ya mbao, goti linalomuuma, mtoto wake anayejifunza kuhesabu. Kuku aliondoka. Hatimaye akapanda, viganja vimekufa ganzi, akageuza ufunguo.

Fuso likawaka mara moja, kama lilivyowaka siku zote.