Risasi Iliyoomba Kubebwa

Hii niliiota usiku wa kuamkia leo, na naieleza sasa hivi kabla chai haijanisahaulisha.

Kwanza mjue nililala na mawazo gani. Mama mkwe wangu, Bi Zena, anaumwa, na tumemweka chumba cha pili hapa kwangu. Chakula hakipiti. Uji anaurudisha, ndizi anazirudisha, na kuku tuliyemchinjia alimtazama tu kisha akageukia ukutani. Juzi ndipo alipotamka kitu: akipata supu ya tandala, kama aliyokuwa akiletewa na marehemu mumewe, atajaribu kula. Mke wangu Siwema akanitazama, maana mwenye bunduki humu ndani ni mimi, na kibali cha tandala mmoja dume ninacho. Kinaisha leo. Na mmoja ni mmoja. Ukimjeruhi akapotelea vichakani, huyo ndiye wako, ameshahesabiwa, na supu ndiyo basi tena.

Taabu ni goti langu la kulia. Siku hizi haliniruhusu kumnyatia mnyama hata kidogo. Shemeji yangu Hango, kaka yake Siwema, akasema goti si hoja, akanifungia darubini mpya juu ya bunduki.

"Shemeji, wewe unakaa zako huku ukingoni mwa bonde," aliniambia. "Yeye anajitokeza ng'ambo kule, unamtungua. Kazi yako ni kuchagua risasi tu, mengine niachie mimi."

Kuchagua risasi tu! Jana jioni nilizimwaga mezani, aina tatu, nikaanza kuzichambua. Nikasafisha bunduki, nikarudi kuzichambua. Mwisho nikajitupa kitandani sijaamua, mikono imejaa mafuta ya bunduki, Siwema akiyalilia mashuka yake.

Ndotoni ni asubuhi. Risasi zangu tatu zimekaa mezani zinakunywa chai.

"Umeshaamua?" inauliza ile nyembamba yenye ncha kali. Inatikisa mguu, japo haina mguu.

"Bado."

"Nichague mimi. Mimi ni mbio. Mlio unaposikika mimi nimeshafika, nimekaa, nimeshazoea mazingira."

"Mimi sifiki," inasema ya pili, ile ya shaba tupu, ngumu mwili mzima. "Mimi napita. Naingia huku natokea kule, nina safari zangu."

Ya tatu, nene, yenye pua laini nyeusi ya madini ya risasi, haisemi kitu. Inapuliza chai yake. Nikaona aibu kuiharakisha.

Mara hatuko sebuleni tena. Tuko kliniki, siku ya kupima watoto. Nimepanga foleni na kina mama, na hao watatu nimewafunga mgongoni kwa kanga ya Siwema. Hakuna anayeshangaa. Mama aliye mbele yangu anageuka, anafunua kanga kidogo, anachungulia.

"Hongera," anasema. "Wote wamefanana na wewe."

Nikamshukuru. Ningesema nini?

Nesi anazivisha ile kaptula ya kitambaa, moja baada ya nyingine, na kuzitundika kwenye mizani. Nyembamba inaning'inia ikicheka.

"Huyu mwepesi sana. Unamlisha nini?"

"Mbio," nikajibu.

"Mbio si chakula, baba." Akaishusha, akaitundika ya shaba. Ile ikakaa kimya kwenye kaptula yake, haikucheka wala kulia. "Huyu mgumu. Huyu hata ukimpeleka kwa bibi yake hatakaa."

Ya tatu ilipotundikwa, mizani ikalalamika. Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama wanavyofanya wakiona mashavu ya mtoto. "Huyu ana mwili. Pua yake laini, atafunguka vizuri akifika kwa watu. Ila usimtume mbali, atachoka njiani."

"Mbali kiasi gani, nesi?"

Akanionyesha dirisha. Nje ya dirisha hakukuwa na uwanja wa kliniki. Kulikuwa na bonde la Msua lote, na ng'ambo yake, kwenye mteremko, tandala dume amesimama anakula majani.

Nikapita dirishani, wote tulipita, na sasa nimelala kifudifudi ukingoni, bunduki mbele yangu. Nachungulia kwenye darubini. Tandala huyu hapa! Pembe zake zimejisokota mara mbili na kitu, ndevu za shingoni zinacheza, na mistari myeupe ubavuni imechirizika kama chokaa. Yuko karibu kiasi kwamba naona sikio lake la kushoto lina mpasuko. Nikanyoosha mkono nimguse. Mkono ukagusa hewa.

"Unafanya nini?" darubini ikaniuliza.

"Si umemleta?"

"Mimi naleta sura tu," ikasema. "Mwili unabaki kwake."

Nikatoa jicho kwenye darubini. Ng'ambo kule tandala alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Nikarudisha jicho, akawa mkubwa. Nikaona haya kidogo, sijui kwa nini.

"Nitume!" ile nyembamba ikapiga kelele, na kabla sijaamua ikaruka yenyewe. Nyingine mbili zikaifuata, moja baada ya moja, kwa mwendo wa kutembea. Nami nikazifuata, kwa sababu ni risasi zangu.

Katikati ya bonde Upepo amekaa kwenye mkeka. Ni mama mnene, amefunga kilemba, ana ungo mapajani, anapepeta. Nikajua mara moja ndiye yeye, kama unavyojua mambo ndotoni.

"Za kwako, mama."

"Nzuri. Kila kinachopita hapa lazima nikipepete," akasema, wala hakuinua macho. "Weka hao wako."

Nikaziweka zote kwenye ungo. Akarusha mara moja. Nyembamba ikapaa na makapi, ikageuka ubavu hewani, ikaenda zake upande wa Itigi ikipiga kelele kwamba bado ina mbio. Zile nzito mbili zikaanguka ungoni, po, po.

"Na si kwamba nimetia nguvu," Upepo akasema. "Huku chini natulia hivi. Kule juu ulikokuwa umelala, hata hujui kama nipo."

Hilo likaniingia. Nikafikiri habari ya jana mchana pale ukingoni, jinsi Hango alivyorusha vumbi hewani miguuni petu akasema, shemeji, leo hakuna upepo.

Tulipofika kwenye jiwe kubwa, goti langu likasema, "Mimi naishia hapa."

"Usinifanyie hivyo."

"Mliambiana kwamba mimi si hoja. Haya, endeleeni." Likashuka, likakaa juu ya jiwe, likatazama mandhari. Nikaendelea bila goti. Kutembea hivyo kunawezekana, ila unajisikia umemwacha mtu.

Hatua chache mbele risasi ya shaba ikanipita, ikampita na tandala, ikapita mlima. Haikuaga. Nikabaki na ile nene, ambayo nayo ilikuwa imeanza kuinama. Kila hatua inasogea chini kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye benchi, mpaka pua yake ikawa inakwaruza mchanga. Hatimaye ikakaa chini kabisa.

"Nimechoka," ikasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Bado tuko mbali."

"Ndiyo maana nimechoka. Nibebe."

Sikubishana nayo. Nikachukua kanga ya Siwema, nikaiweka mgongoni, nikafunga fundo kifuani. Ilikuwa nzito kuliko mzigo wa mahindi, na ilikuwa inapumua. Tukapanda mteremko. Na sasa natazama mbele yangu, wala si kwa darubini.

Ninawaambia ukweli, mimi nimewinda nusu ya maisha yangu na sikuwahi kumwona tandala. Nilikuwa nawaona wa ndani ya darubini, au waliolala chini macho yamefunguka. Huyu amesimama na bega lake liko juu ya kichwa changu. Joto lake linanifikia. Ananuka majani yaliyosagwa na mvua. Anapopumua, ubavu wote unafunguka na mistari ile myeupe inaachana, kisha inarudiana. Nikaogopa, lakini si hofu ya kukimbia. Ni ile ya mtu aliyegundua kwamba ameingia msikitini na viatu.

"Shikamoo," nikajikuta nimesema.

"Marahaba," akajibu, akiendelea kutafuna. "Huyo mgongoni ni nani?"

Nikamshusha. Risasi ikasimama mbele yake kwa adabu.

"Ukifika kwangu utafanya nini?" tandala akaiuliza.

"Nitafunguka."

"Nitakimbia?"

"Hutapata nafasi. Hutasikia hata mlio."

"Hivyo ni ukitokea hapa mlipo sasa. Na ukitokea kule?" Akaelekeza pembe zake ukingoni mwa bonde, kule nilikoacha bunduki.

Risasi ikanitazama, kama mtoto anayetaka ruhusa ya kusema kweli mbele ya wageni.

"Kutoka kule nafika nimechoka," ikasema. "Tena sifiki ninapotumwa, nafika chini yake. Kufunguka sitaweza. Nitaingia nikae tu ndani mwako, kama mgeni asiyesema shida yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufe."

Ndege mmoja aliyekuwa anaimba akaacha. Nilitaka kujitetea, nikaanza kueleza habari za goti, nikageuka kuonyesha kule lilikokaa juu ya jiwe.

"Nyama ni ya nani?" tandala akanikatiza.

"Ya mgonjwa. Mama mkwe wangu. Hajala kitu, na amesema yako ataijaribu."

Akaacha kutafuna. Akafikiri muda mrefu, sikio lake lenye mpasuko likizunguka polepole.

"Basi usimpelekee nyama iliyokimbia na maumivu," akasema. "Itakuwa chungu, na ataijua kwenye kijiko cha kwanza. Mgonjwa hadanganyiki. Sogea."

Nikasogea. Akaniambia niweke sikio ubavuni mwake, nikaweka. Ndani kulikuwa kukubwa kuliko nje. Nikauona moyo wake, mkubwa kama nyumba ya bati, unapanda na kushuka gizani bila haraka, na kila ulipopiga nyasi za mteremko mzima zililala na kuinuka. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta, nilikuwa naona ni haki yake kuyaona. Na nikaelewa kwamba darubini isingenionyesha hicho hata ikikaziwa skrubu zote za dunia.

"Ndio huo," tandala akasema juu yangu. "Ukija, uje mpaka hapa unaposikia ninavyopumua. Ukishindwa kufika, urudi nyumbani, nami nitaendelea kula. Mkono gani unaovuta?"

Nikanyoosha wa kulia, mweusi kwa mafuta ya bunduki.

Akainamisha shingo, akaulamba. Ulimi wake wa moto ulikwaruza kama msasa, na hakuwa na haraka. Alilamba kiganja, akalamba kati ya vidole, akalamba na kidole cha shahada peke yake mpaka kikabaki kama cha mtoto mchanga.

"Uje na huu," akasema.

"Baba Tausi!"

Ni Siwema. Nimefungua macho, kumekucha, amesimama juu yangu ameshika shuka.

"Hebu nyoosha mikono yako," akasema. Nikanyoosha. "Nilijua tu! Shuka langu lote upande wa kushoto jeusi. Sasa niambie, mtu mzima, unanawaje mkono mmoja? Na umenawia wapi, wakati ndoo ni tupu tangu jana?"

Nikatazama. Wa kushoto ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo, vile vile nilivyolala nao. Wa kulia ulikuwa safi, safi hata kwenye mistari ya kiganja, ngozi imechubuka kidogo. Kati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na kipande cha jani lililotafunwa, bado bichi, bado kina unyevu. Nikafumba ngumi taratibu kabla hajaliona.

Nje Hango alikuwa ameshafika. "Shemeji! Amka tukawahi ukingoni, hakuna upepo kabisa!"

"Hatukai ukingoni," nikamjibu kupitia dirishani. "Tunashuka bondeni, tunapanda ng'ambo. Hiyo darubini ifungue, utanibebea fimbo ya kuegemea."

"Na goti?"

"Litalalamika. Nimelizoea."

"Na tusipomfikia?"

"Tutarudi."

Najua alikuwa ananiona nina wazimu, na sikumlaumu. Nikaichukua ile risasi nene mezani, nikaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Nyingine mbili nikazirudisha kwenye boksi. Nilipopita mlangoni kwa mama mkwe, pazia lilikuwa wazi kidogo na macho yake yalikuwa yamefunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba. "Unamfuata?"

"Namfuata, mama."

"Marehemu alikuwa anawafuata mpaka anarudi na nywele zao kwenye shati," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe hapa akacheka kidogo. "Nenda polepole."

Siwema akarudi na kopo la maji aliloomba kwa jirani. Akasimama uani na sabuni, bado amenuna, aninawishe nipate chai.

Nikampa mkono wa kushoto tu.