Ukuta wa Foamu

Fundi alikuwa amejengea watu nyumba hadi akapoteza hesabu, lakini chumba cha mama yake mzazi kilikuwa tanuri. Paani kulikuwa na dari. Shida ilikuwa ukuta wa magharibi, bati tupu. Jua la alasiri likiupiga, humo ndani hakukaliki. Mama alivumilia weee, mwisho akampigia simu kaka yake aje kumchukua mwisho wa mwezi. Begi likafungwa, likawekwa mlangoni. Kila Fundi akiliona, roho inamuuma, maana mzazi alibaki huyo huyo mmoja.

Basi akaanza kuokota foamu nyeupe zinazofungiwa friji na televisheni, zile zinazotupwa nyuma ya maduka. Majirani wakambandika fundi huyo wa kike jina, Mama Maboksi. Alizikwangua zikawa punje, azichanganye na saruji na mchanga, apate tofali jepesi lisilopitisha joto. Kwa maneno ilikuwa rahisi.

Kilichomponza ni mazoea. Miaka ishirini amezoea zege la kuteleza, maji bila ubahili, kisha kushindilia kwa nguvu zote. Foamu haitaki ubabe huo. Punje zilielea juu, saruji ikabaki chini, na tofali kumi na mbili za kwanza zikamegeka mikononi. Mama alichungulia, akauliza kama hizo ni keki au nini. Fundi alicheka, ila machozi hayakuwa mbali.

Alipokwenda kunawa ndipo akaona. Mkono uliolowa uji wa saruji ulikuwa umejaa punje hadi kwenye kiwiko, na hazikung'utiki. Aliacha kunawa. Akakoroga uji mzito wa saruji, akazigaragaza foamu humo kwanza mpaka zikawa za kijivu, ndipo akatia mchanga na maji kiduchu, akashindilia taratibu. Hakuna iliyoelea. Tofali zilipokomaa, bati likang'olewa, ukuta ukapanda.

Mjomba alifika saa tisa alasiri, jua likiwaka kwelikweli. Akamkuta dada yake kitandani, amelala fofofo, na Fundi amesimama kando, anaogopa hata kumwamsha. Mama akafumbua jicho moja.

"Kaka, pole na safari," alisema. Kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, hebu fungua hilo begi unitolee shuka. Nasikia kibaridi."