Mawe Yaliyofika Kibirichia

Jiko la Ciakuthii, kijijini Kibirichia, lilikuwa na mafiga mawili na kipande cha tofali. Figa la tatu lilipasuka wakati wa Krismasi, na tangu hapo sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikawa imeinamia mlangoni. Bintiye, Kananu, alikuwa ameishikilia kwa kitambaa aliposoma kwenye simu barua ya kwanza ya ubalozi ya kumnyima viza: *Hatujaridhika kwamba ukimaliza shughuli yako utarudi kwenu.*

"Shughuli ndiyo hiyo baiskeli?" mama yake aliuliza.

"Ni mashindano, Mami. Ya barabara ya mawe. Nisipoyafikia mwaka huu, timu itanifuta."

Timu hiyo ya ng'ambo ilikuwa imempa mkataba, na baiskeli nyeusi yenye tairi nene, kwa sababu barabara ile ilitandikwa mawe ya pembe nne zamani na tairi nyembamba hupasukia humo. Kananu alikuwa ameuzungushia usukani vipande vya tyubu kuukuu ili viganja visichunike. Upepo wa tairi aliupunguza mpaka kidole gumba kikazama kidogo.

Kesho yake mawe ya barabara ile yalikuwa yamefika kijijini. Yalianzia langoni kwa Ciakuthii hadi kwenye josho la ng'ombe, meusi, tope likiwa katikati yake. Watu walipita juu yake wakipeleka viazi sokoni. Aliyelalamika ni Njuki wa bodaboda peke yake.

"Kananu, ambia mawe yako yahurumie shokabsoba zangu," alisema. "Nimebeba mayai, si kokoto!"

Kananu aliomba viza tena. Aliambatisha hatimiliki ya shamba, barua ya chifu, barua ya mchungaji na picha ya ng'ombe wao. Barua ya pili ilisema hawajaridhika. Mawe yakafika kanisa la Methodisti. Ya tatu ilisema vilevile, na mawe yakavuka soko hadi ghala la viazi. Kwa kuwa yalikuwepo, Kananu aliyafanyia mazoezi kila asubuhi. Alipita mgongoni mwa barabara, pasipotuama maji, ameketi, gia nzito, ameshika usukani kilegevu kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Jumapili ya mashindano, ibada ilipokwisha, wanawake mia moja na ishirini walitokea upande wa msituni juu ya baiskeli zao, magari ya timu yakiwafuata. Kwaya ilisogea kando wapite. Hakuna aliyewauliza waliingiaje. Mmoja alianguka karibu na kisiagio cha mahindi. Veronicah wa hoteli akamwosha goti kwa maji ya uvuguvugu, akampa chai na ndizi, akamsukuma aendelee.

Kananu alikuwa akingoja langoni, helmeti kichwani. Akaingia kundini. Kufika kwenye josho alikuwa amewapita hamsini. Kanisani walibaki wanne mbele yake. Sokoni alikuwa peke yake, na mstari wa chokaa nje ya ghala aliuvuka wa kwanza. Akakabidhiwa jiwe moja la barabara, kwa kuwa mshindi wa mashindano yale hupewa jiwe. Akamkabidhi mama yake.

Kisha akaja afisa wa mashindano mwenye faili.

"Jina lako halimo. Uliingiaje?"

"Sijaingia popote. Ninyi ndio mmeingia. Kwetu ni pale penye moshi."

Afisa aliutazama moshi, akauandika.

"Yaani hukutoka kwenu?"

"Sikutoka."

"Basi hatuna namna ya kuridhika kwamba umerudi."

Ushindi akapewa aliyekuja wa pili. Walipolitafuta jiwe, Ciakuthii alikuwa ameshalibeba mgongoni, ukanda kipajini kama anavyobeba kuni, na yuko mbali.

"Sasa umeshinda na hukuwepo," Njuki alimwambia Kananu. "Hiyo haki imepigwa pancha, bana."

Hadi saa kumi waendeshaji walikuwa wameondoka, na barabara yao pia. Barabara ya udongo wa murram ilirudi na mashimo yake yote.

Jiwe lilikuwa jikoni, mahali pa tofali. Sufuria ilikaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, ila jiwe liliitetemesha bila kupumzika, na kifuniko kilikuwa kikigonga kama meno ya mtu mwenye homa.

"Shikilia, mwari," Ciakuthii alisema. "Itamwagika."

Kananu alikishika kifuniko kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alisoma barua ya timu. Mkataba wake ulikuwa umefutwa kwa sababu hakufika kwenye mashindano. Baiskeli irudishwe kwa ndege ya Alhamisi. Yenyewe haikuhitaji viza.

Akaisoma hadi mwisho, akaweka simu chini, akashika kifuniko kwa mikono yote miwili mpaka githeri ikaiva.