Inua Ulimi

Miaka mitatu Jerono aliamka amechoka kuliko alivyolala. Akitoka kisimani, kale kamlima kadogo tu, anatua ndoo mara nne. Majirani pale Kitale walisema ni kazi ya shamba. Wapi! Damu yake ilikuwa sita, nusu tu ya inayotakiwa. Vidonge vya kuongeza damu alimeza mpaka choo kikawa cheusi, mama mkwe akamletea maini kila Jumapili, na kila akipimwa damu ni sita ileile.

Ndipo mumewe, Kipkosgei, akaanza kumshuku. "Dawa unatupia kuku," alisema. "Si watu humeza wanapona?"

Tangu hapo, kila asubuhi alimsimamia na kikombe cha maji. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Mama wa watoto watatu, jamani, anakaguliwa mdomo kama ng'ombe wa mnadani! Jerono alifungua. Nguvu ya kugombana angeitoa wapi?

Mwishowe dadake, Chelimo, anayefundisha chuo cha Kibabii, alikuja akamchukua kwa lazima mpaka Bungoma, kwa daktari mzee aitwaye Wepukhulu. Huyu alimpiga picha ya tumbo, akamtoa kipande kidogo cha nyama tumboni, akakituma kikapimwe, kisha akamwita.

"Mama, una uvimbe kwa ini. Si kansa, usiogope. Lakini huo uvimbe unatoa kitu fulani kinazuia dawa isifike kwa damu. Ni nadra sana hii. Hata ungemeza gunia zima, ni bure."

"Kwa hivyo nilikuwa nameza?" Jerono aliuliza.

"Ulikuwa unameza."

Hapo ndipo alipolia, na Chelimo akadhani analilia uvimbe.

Walimpasua, wakautoa. Baada ya miezi mitatu damu ilikuwa kumi na mbili, na ndoo ikafika nyumbani bila kutuliwa. Kipkosgei alikuwa amesikia yote kutoka kwa Chelimo. Asubuhi moja alipika chai mwenyewe, akamletea mkewe kitandani.

"Kunywa, Mama Vivian."

Jerono akanywa funda moja. Halafu, hata hajui anafanya nini, akainua uso, akafungua mdomo, akainua ulimi.

"Hapana," Kipkosgei alisema. "Funga. Jerono, nakuomba, funga."

Akaufunga. Ile chai ilipoa mikononi mwake, na hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake.