Risasi za Machano Kwenye Kanga ya Nadra

Harusi ya binti yake Machano ilifanywa Jang'ombe, mwaka themanini na saba, baada ya laasiri. Sare ilikuwa kanga nyekundu iliyoandikwa HARUSI NI YETU, MWENYE WIVU ANYWE MAJI. Wanawake arubaini waliivaa. Nadra, karani wa benki, alipoinuka kupokea sahani ya biriani, ya kwake kiunoni ilisomeka: MACHANO WA CHWAKA, RISASI ISHIRINI, JUMATATU. Ya mabegani ikaongeza: KATAJWA NA NADRA, DIRISHA LA PILI.

Mwanapili, mama wa bibi harusi, aliisoma yote kwa sauti, kijiko mkononi. Mumewe, Machano, hakuwapo kumwozesha mwanawe. Hiyo ilikuwa siku ya nne tangu aitwe mahali kujieleza, na hajarudi.

"Kumbe ni wewe, shoga," alisema.

Nadra aliangalia biriani.

"Risasi za nguruwe zile, Nadra. Kibali anacho. Na muhogo wake wewe umeula mpaka ukajilamba vidole."

"Nnajua."

"Lakini herufi zimenyooka," alisema Bi Shemsa, nyanya wa bibi harusi, akiupapasa upindo. "Wachapaji wa siku hizi wepesi, hata wiki haijesha!" Akaomba aongezwe achari.

Mambo yalikuwa hivi. Mnunuzi wa bunduki au risasi alilipia benki, kwenye hesabu ya duka la silaha, na hati ya malipo ilipita mikononi mwa Nadra. Siku ya kuajiriwa alishika msahafu akaapa kuwa siri ya mteja ataifia. Akaja Bwana Mundhir, wa ofisi isiyo na kibao, akataka majina ya wanunuzi tu, si zaidi. Sukari ilikuwa ya foleni tangu alfajiri. Nadra alipata kilo mbili kila wiki bila ya foleni. Yupo mtu mmoja aliyelipia bunduki kumi na mbili kwa mpigo. Huyo Mundhir alimwambia amsahau, na Nadra, mtoto msikivu, akamsahau.

Baada ya harusi aliifua kanga kwa sabuni ya kipande. Jina la Machano likakoza. Akavaa nyengine, ya kijani, nayo ikaandika majina ya wengine aliowataja. Akavaa buibui juu yake. Maneno yakatokea kwenye buibui, meupe. Wateja wa benki wakazoea kumsoma kwanza kabla ya kupanga foleni. Asiyejiona alishusha pumzi. Aliyejiona alitoa salamu, akalipa, kwa sababu foleni ya dirisha la kwanza ilikwenda polepole mno.

Machano alirudi Chwaka bila ya bunduki. Nguruwe wakamaliza muhogo kwa siku tatu, wakahamia kwenye viazi. Mwanapili akawa anapita mbele ya benki uso ameuelekeza ukutani.

Mundhir alikuja na kilo tatu safari hii.

"Umetupunguzia kazi, bibi," alisema. "Usituandikie tena majina. Alkhamisi pita tu chini ya dirisha letu. Taratibu, msomaji wetu macho yake mabovu."

Nadra alitaka kusema hapana. Akazipokea kilo tatu.

Alkhamisi alipita. Uso aliufunika kwa mtandio, mgongo akauacha wazi. Juu dirishani mtu akasema, "Zunguka kidogo, bibi, nione na mbele."

Akazunguka.