Ukurasa wa Pili

Pale kwenye radio ndogo ya mji wa Baraka, karatasi yoyote yenye muhuri husomwa hewani saa sita mchana. Mbuzi kapotea, wavuvi wana mkutano, tribunali, yaani mahakama, imetoa barua: vyote Mama Pulchérie, mtangazaji, huvisoma, kwa sauti ileile. Basi siku hiyo Bertin, mtumishi wa tribunali, alipoacha bahasha mezani na kwenda zake, mama wa watu akaichana, akafungua maikrofoni.

"Tribunali inakataza radio hii, na muntu yeyote, kutangaza karatasi za matibabu zilizoibiwa hospitalini, karatasi za mama anayeitwa…"

Ukurasa ukaishia hapo. Kidole kilikuwa tayari kinageuza wa pili, ndipo neno "inakataza" likamrudia. Yesu wangu! Angemmaliza mtu kwa mdomo wake mwenyewe! Akarukia tangazo la mbuzi. Bonaventure, mkurugenzi, akaja mbio, akaichukua bahasha na kuifungia kabatini.

Njia nzima ya kwenda sokoni Pulchérie alijiuliza. Mama gani? Ugonjwa gani? Si angechungulia kidogo tu! Alijionea haya, na bado alitaka kujua.

Sokoni bamama waliomsikia hewani wakamzonga. "Ni nani uyo, mama? Utuambie basi!"

"Mi sikusoma."

"Weye! Unatuficha!"

Waliuliza wauza mihogo, akauliza mama wa mawese, akauliza hata muuza chumvi ambaye salamu yenyewe humtoka kwa shida.

Ila Ketsia, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ketsia huyu huyu anayeuliza mpaka ulichopika jana! Leo ameinamia kopo lake, anapima ndagala zilezile, anazimwaga, anazipima tena. Pulchérie akajua. Alitamani asingejua, moyo ulimuuma kweli.

Kisha akaona mama wa mawese naye anamtazama Ketsia vilevile.

"Na we Ketsia, uniache!" Pulchérie akapaza sauti, soko zima lisikie. "Umenipigia simu mara tatu toka saa sita! Nimesema sijui!"

Ketsia akainua uso. Akaweka kopo chini.

"Si uniambie tu, mama," akasema. "Mi sitaambia muntu."

Bamama wakaangua kicheko, na mama wa mawese akacheka kuliko wote. Ketsia naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini.