Aliyeshika Kamba

Miaka ishirini na sita Sahabi alishuka visimani, na miaka yote hiyo aliyeshika kamba juu alikuwa Lawali. Vijiji vyote vya upande ule wa Maradi vilimsifu Sahabi: jasiri, hamtegemei mtu. Naye akaamini.

Msimu wa mvua homa ikamchukua Lawali kwa siku tatu. Tangu maziko, Sahabi hakuchimba tena. Walipomwita alisingizia mgongo. Asubuhi alikunywa uji wake wa uwele peke yake, akisikiliza watu wakipita nje ya ua, asimwite hata mmoja. Wanaume wawili walijitolea kumshikia kamba. Aliwatazama mikono, akawaambia atawaarifu.

Kisha mchanga ukaporomoka ukafukia kisima cha kijiji. Sahabi akaenda peke yake. Alifunga kamba kwenye gogo, akashuka, akajaza ndoo, akapanda kuivuta, akashuka tena. Hadi adhuhuri alikuwa ametoa ndoo nne tu. Alikaa ukingoni kupumzika.

Kande, mjane wa Lawali, alimkuta hapo.

"Shemeji, hilo gogo lina macho?"

"Linatosha."

"Mwenzako alikuwa anajifunga ncha ya kamba kiunoni. Hukujua?"

Sahabi akaitazama kamba kwenye gogo.

"Kila siku. Nikamwambia, Sahabi akianguka mtanifia wote wawili. Akasema, basi ndivyo itakavyokuwa."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza."

Kweli hakuuliza. Kule chini macho yake yalikuwa kwenye jembe; kamba ilipokaza, aliona ni kamba tu.

Kande akaiokota ile kamba. "Shuka."

"Mwanamke hashiki kamba ya mchimbaji."

"Na maji unayokunywa huvutwa na nani? Shuka bwana, jua halitungoji."

"Basi usijifunge kiunoni."

"Hilo huniamulii wewe."

Sahabi alitaka kumtazama mikono. Hakutazama. Akashuka.

Siku ya sita maji yakatoka. Siku zote hizo, ndoo ikijaa, Sahabi aliita bila kufikiri, "Lawali, vuta!" Kamba ikakaza, ndoo ikapanda. Kande hakumsahihisha hata mara moja.

Jioni kila mmoja alishika njia yake. Sahabi alikwenda polepole, akijizoeza kusema asante kwa sauti ya chini. Kesho angemwambia Kande. Yule mwingine, Lawali, hapakuwa tena na namna ya kumwambia.